Waliosimamia madarasa 15,000 hawaitwi mameneja wa miradi

Novemba 2021, ukimtafuta mkuu wa shule ya sekondari ya kata ofisini kwake, mara nyingi hukumkuta. Asubuhi alikuwa duka la vifaa vya ujenzi akiulizia bei ya saruji, ambayo jana yake ilikuwa nyingine. Mchana alisimama kwenye msingi, akibishana na fundi juu ya mchanga uliochanganyika na udongo. Jioni alikaa na kamati ya mapokezi kuhesabu mabati, na usiku alipanga stakabadhi kwa mwanga wa simu.

Fedha zilikuwa zimeshaingia kwenye akaunti ya shule, Sh20 milioni kwa kila darasa. Muda nao ulikuwa umeshapangwa na kalenda: watoto wa kidato cha kwanza wangefika Januari 2022, darasa liwe limeezekwa au halijaezekwa.

Madarasa hayo yalikuwa sehemu ya mpango wa Sh1.3 trilioni uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uliotolewa kukabili athari za Uviko-19. Yalikuwa 15,000 kwa jumla: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Mengi yalijengwa kwa utaratibu ambao mitaani umezoeleka kwa jina la 'force akaunti'. Shule inanunua vifaa yenyewe, inamlipa fundi wa jirani gharama ya ufundi tu, na mhandisi wa halmashauri anapita kukagua.

Nenda sasa kwenye matangazo ya kazi ya mwisho wa wiki. Kampuni ya ujenzi inatafuta meneja wa mradi. Benki inatafuta mtu wa kusimamia mfumo mpya wa kompyuta. Shirika lisilo la kiserikali linataka mratibu. Chini ya sifa za mwombaji, mstari mmoja unajirudia: awe na cheti cha PMP au PRINCE2, au akiwa nacho atafikiriwa zaidi.

Mwalimu yule hana cheti hicho. Pengine hajawahi hata kukisikia. Lakini kwa wiki zile alipanga mawanda ya kazi, aligawa bajeti, alisimamia manunuzi, alikabili vihatarishi na kutuliza wadau, kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi mkuu wa wilaya. Ukimtoa kwenye saiti na kumweka kwenye chumba cha mtihani, hayo ndiyo angeulizwa.

Herufi tatu na historia yake

PMP hutolewa na Project Management Institute (PMI), taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969. Mtihani wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1984. PRINCE2 ina asili ya Uingereza: ilitokana na utaratibu wa serikali ya nchi hiyo wa kusimamia miradi ya kompyuta, ikatolewa mwaka 1996 kama njia inayofaa kwa mradi wa aina yoyote. Kwa watu wa mashirika ya maendeleo kuna Project DPro (zamani PMD Pro), iliyotungwa kwa kuzingatia mazingira ya wafadhili, vijiji na bangokitita.

Vyeti hivi havifanani, na kijana anayetaka kulipia kimojawapo inafaa ajue hilo mapema. Ngazi ya kwanza ya PRINCE2 haidai uzoefu wowote. Soma, fanya mtihani, ukifaulu umepata. PMP ina mlango mwembamba zaidi. Mwenye shahada ya miaka minne anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36. Aliyeishia sekondari anaruhusiwa pia, ila yeye anatakiwa awe na miezi 60. Wote wawili wawe wamesoma saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi.

Rudia kusoma hapo kwenye sekondari. Wengi wanaamini PMP ni ya wenye shahada peke yao, na kwa imani hiyo mafundi sanifu na wasimamizi wa saiti wenye miaka 15 kazini hawajawahi hata kuomba.

Mwenye elimu ya sekondari anaruhusiwa kufanya mtihani wa PMP. Anachodaiwa ni miezi 60 ya kuongoza miradi badala ya 36.

Ukishafaulu hujamaliza. Kila baada ya miaka mitatu mwenye cheti anatakiwa aonyeshe alama 60 za kujiendeleza, vinginevyo cheti kinakufa.

Darasani hujifunza nini?

Muundo wa mtihani ulioanza Januari 2021 uligawa maswali 180 katika mafungu matatu. Asilimia 50 yalihusu taratibu za kazi: ratiba, gharama, ubora, manunuzi. Asilimia 42 yalihusu watu: kuongoza timu, kusuluhisha migogoro, kusikiliza wadau. Yaliyobaki yalihusu mazingira ya biashara, yaani sheria, faida na malengo ya taasisi.

Mgawanyo huo ungewashangaza wanaodhani meneja wa mradi ni mtu wa kuchora chati kwenye kompyuta. Karibu nusu ya mtihani wake ilihusu jinsi ya kuishi na binadamu.

Lakini nusu ile nyingine nayo ni ya kuheshimiwa, na miradi yetu mikubwa imetuonyesha sababu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya kuzalisha megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, lilipangwa lianze kujazwa maji 15 Novemba 2021. Siku hiyo ikapita. Mwezi uliofuata Serikali ikaeleza kuwa, miongoni mwa sababu, kreni za kunyanyulia milango ya chuma zilikuwa bado hazijafika. Maji yalianza kujazwa 22 Desemba 2022.

Chombo kimoja kikikosekana, ukuta wa zege wenye urefu wa kupita ghorofa 30 unabaki unasubiri. Katika kila mradi kuna mnyororo wa kazi zinazofuatana, na mojawapo ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Meneja aliyefunzwa vizuri huutafuta mnyororo huo kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, kisha kila asubuhi anaukagua huo kwanza. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua, hizo za kwenye mnyororo hazina.

Reli ya kisasa nayo ina somo lake. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 300 pamoja na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017 kwa mkataba wa miezi 30. Abiria wa kwanza wa nauli walipanda 14 Juni 2024. Miezi 30 ikawa miaka saba. Reli ni nzuri na watu wanaitumia, nami nasema hivyo kwa furaha. Ila kila mwaka wa kuchelewa una bili yake: mishahara ya washauri, riba ya mikopo, na biashara ambazo zingekuwa zimeshafunguliwa Morogoro.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambazo kila mwaka huwa na kitabu kizima cha miradi ya maendeleo, zimekuwa zikirudia kasoro zilezile: mikataba kuongezewa muda, makandarasi kucheleweshewa malipo hadi Serikali ikadaiwa riba, vifaa kununuliwa na kukaa bila kutumika. Hizo ni kasoro za usimamizi. Hazitokani na ukosefu wa saruji.

Na mshahara je?

Hapa ndipo vyuo vya mafunzo hunogesha matangazo yao. Utafiti wa mishahara wa PMI uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha nchi 21, ulionyesha kuwa kwa wastani wenye PMP walilipwa asilimia 33 zaidi ya wasio nayo.

Takwimu hiyo isimeze mtu akili. Ili kupata PMP ni lazima uwe umeshaongoza miradi kwa miaka. Kwa hiyo ukimlinganisha mwenye cheti na asiye nacho, mara nyingi unamlinganisha mzoefu na mgeni. Sehemu ya asilimia hizo ni ujira wa uzoefu, na sehemu tu ndiyo ya cheti. Kijana wa miaka 24 anayetarajia mshahara wake upande kwa theluthi kwa sababu ya mtihani mmoja amedanganyika.

Kuna jambo la pili, ambalo nadra kutajwa kwenye semina. Kazi nyingi za miradi ni za mkataba, na mshahara wa mkataba usomwe kwa hesabu yake.

Chukua mfano. Mkataba unasema Sh4,000,000 kwa mwezi kwa miaka miwili. Toa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, Sh400,000. Kinachobaki kinakatwa kodi ya mapato, ambayo kwa kila kinachozidi Sh1,000,000 ni asilimia 30. Kodi yote inafika Sh908,000. Mkononi unabaki na Sh2,692,000. Ukiwa unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh600,000 nyingine. Sasa ni Sh2,092,000.

Mradi unaisha. Unakaa benchi miezi sita kabla ya kupata mwingine. Yule asiye na deni la mkopo, akigawanya mapato ya miezi 24 kwa miezi 30 aliyoishi, anapata takribani Sh2,154,000 kwa mwezi. Aliye na deni anapata chini ya Sh1,700,000. Milioni nne za kwenye mkataba zimeishia hapo.

Mshahara wa meneja wa mradi uhesabiwe pamoja na miezi ya kukaa bila mradi.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii, wakiitwa mezani kupatana, huulizia zaidi ya mshahara: kiinua mgongo mwisho wa mkataba, bima ya afya ya familia, posho ya kukaa saiti, na notisi ya kuvunja mkataba. Kipengele hicho cha mwisho, ambacho wengi hukiruka, kilionekana thamani yake mwaka 2025.

Januari ya 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai mosi mwaka huo shughuli za shirika lake la misaada, USAID, zilikuwa zimefungwa na mabaki kuhamishiwa wizara ya mambo ya nje. Katika Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo, miradi ya Ukimwi, kifua kikuu, kilimo na elimu ilisimama katikati. Waratibu, maafisa wa ufuatiliaji na tathmini, wahasibu wa miradi na madereva wakapewa barua.

Miongoni mwao walikuwamo wenye vyeti vizuri na miaka mingi ya kazi. Cheti hakikuwazuia kuachishwa, kwa kuwa hakuna mtihani unaomfundisha mfadhili asibadili nia. Kilichowasaidia waliobahatika kupata kazi upesi ni uwezo wa kueleza kazi yao kwa lugha ya sekta nyingine. Aliyesambaza dawa kwenye vituo vya afya vya wilaya nne anajua ugavi, na kampuni ya vinywaji inahitaji mtu wa ugavi. Tatizo, wasifu wake umejaa vifupisho vya mfadhili ambavyo meneja wa kiwanda hawezi kuvisoma.

Hapa cheti kina kazi ya kweli, nami sitaki kukinyima haki yake. Kinampa mtu wa kilimo na mtu wa benki msamiati mmoja. Mkandarasi wa Uturuki, mshauri wa Korea na mhandisi wa Kitanzania wakikaa meza moja, msamiati huo unawaokolea wiki nzima za kutoelewana.

Wanaokitetea, wanaokipinga

Waajiri wanaotaka cheti wana hoja nyepesi kueleweka. Tangazo moja la kazi huleta mamia ya maombi, na ni lazima pawe na chekeche. Cheti cha kimataifa pia kinaweza kuhakikiwa: PMI ina daftari la wazi mtandaoni ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la mwenye cheti. Katika nchi ambayo Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 waliondolewa kazini baada ya uhakiki wa vyeti, jambo hilo lina uzito.

Hata hivyo chekeche hilo lina matundu. Zipo semina za siku tano hotelini ambazo mwisho wake kila aliyehudhuria anapewa karatasi yenye muhuri. Hicho ni cheti cha kuhudhuria. Si PMP, hata kama maneno yaliyochapwa juu yake yanafanana. Mwajiri asiyejua tofauti hiyo anaajiri muhuri.

Wanaopinga wana hoja nzito pia. Ada ya mtihani hutozwa kwa dola, nayo ni mamia ya dola kabla hujalipia mafunzo na vitabu. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyoanza Julai 2025, ni Sh500,000 kwa mwezi. Lugha nayo ni ukuta. Mtihani upo kwa Kiingereza, Kiarabu, Kifaransa, Kichina, Kijapani na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo, ilhali mikutano ya saiti kutoka Chongoleani hadi Kigoma inaendeshwa kwa Kiswahili, na maneno tunayo: mawanda, vihatarishi, mpango kazi, wadau, bangokitita.

Na zaidi ya yote, wanasema, mtihani haujui kijiji. Haujui kwamba mradi wa maji unaweza kukwama kwa sababu chanzo kipo kwenye eneo la matambiko na hakuna aliyewauliza wazee. Haujui kuwa siku ya mnada hakuna kibarua atakayekuja saiti. Afisa maendeleo ya jamii anayajua hayo bila kufundishwa.

Je, tuunde bodi?

Mhandisi nchini ana bodi yake, ERB. Mkandarasi ana CRB, mhasibu ana NBAA, mtaalamu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB. Meneja wa mradi hana bodi ya namna hiyo. Mtu yeyote anaweza kuamka leo akajiita hivyo, na hakuna anayeweza kumfutia usajili maana hana usajili.

Wapo wanaotaka bodi. Nimezipima hoja zao, na sikubaliani nazo kwa sasa. Bodi huanza kwa kuweka sifa za kuingia, na sifa hizo huandikwa na waliokwisha kuingia. Wa kwanza kufungiwa nje angekuwa mwalimu yule wa madarasa, pamoja na fundi sanifu wa halmashauri na mama wa kikundi aliyesimamia ujenzi wa zahanati. Tungeongeza ada moja nyingine na kupunguza watu wanaojua kazi.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko bodi na kigumu kuliko bodi: kumbukumbu. Mradi wa force akaunti ukiisha, mkaguzi anauliza stakabadhi zipo wapi. Hakuna anayeuliza nani aliusimamia, ulianza lini, ulimalizika lini, fedha zilitosha au hazikutosha na kwa nini. Mkuu wa shule anahamishwa, faili linabaki kabatini, na ujuzi unaondoka naye kwenye basi.

Halmashauri zinaweza kutoa barua. Ukurasa mmoja, uliosainiwa na mkurugenzi au mhandisi wa wilaya, unaotaja mradi, gharama, tarehe na wajibu wa msimamizi. Haigharimu Serikali hata shilingi ya kibajeti. Vyuo vinavyofundisha fani hii, kama Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, vinaweza kuanzisha mafunzo mafupi kwa Kiswahili kwa watu hawa, ili saa 35 zile wasizifuate hotelini Dar es Salaam. Mtihani wenyewe utabaki kuwa wa Kiingereza kwa muda, lakini fikra zilizojengwa kwa lugha ya mama huhamia lugha nyingine kwa urahisi.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma 17 Julai 2025, itatekelezwa kwa miradi, midogo kwa mikubwa. Haitasimamiwa yote na wenye PMP. Sehemu kubwa itaangukia mikononi mwa walimu, waganga wafawidhi, watendaji wa kata na mafundi.

Kwa anayesoma haya na kalamu mkononi

Kijana uliyemaliza chuo, usikimbilie kulipia PMP ambayo hutaruhusiwa kuifanya. PMI ina cheti cha wanaoanza, CAPM, kisichodai uzoefu, na PRINCE2 ngazi ya kwanza iko wazi. Au, bora zaidi, tafuta mradi mdogo uubebe mwanzo hadi mwisho: kisima, ukarabati, mfumo wa mauzo wa duka la shangazi ikibidi.

Na wewe mkuu wa shule wa Novemba 2021, tafuta lile faili. Fomu ya maombi ya PMP inadai kila mradi uelezwe: tarehe ya kuanza na kuisha, lengo, wajibu wako na matokeo. Mwombaji anaweza kuchaguliwa kwa ukaguzi, na akichaguliwa, aliyekuwa msimamizi wake au mtu aliyeujua mradi lazima athibitishe kwa saini. Mhandisi aliyepita kukagua madarasa yako bado yupo, pengine amehamia wilaya ya jirani. Mpigie simu kabla hajastaafu.